Walikuja Saa Nane Usiku

Hotuba niliyoitoa Dodoma kwa wasaidizi wa kisheria na wanafunzi wa sheria, kuelekea Siku ya Wakimbizi Duniani. Naiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.

Mbukwenyi!

Asanteni. Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, wasaidizi wa kisheria mliotoka Bahi, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni, na ninyi wanangu mnaosoma sheria, nashukuru kwa kunikaribisha. Mmeniomba nizungumze juu ya mtu anayeomba hifadhi kwa sababu ya kuandamwa kisiasa. Mimi si wakili. Nimekuwa mkalimani miaka mingi. Katika chumba cha mahojiano kuna kiti cha anayeuliza, kiti cha anayejibu, na kiti cha tatu katikati yao. Hicho ndicho kilikuwa changu, na nitasema niliyoyaona nikiwa nimekikalia.

Sasa hivi hapo nje kijana mmoja amenisimamisha. Ameniuliza, "Mama, mzalendo anaikimbiaje nchi yake? Kwa nini asibaki akapambana?" Ameuliza kwa heshima kabisa, na najua wengi humu mnalo swali hilo hilo moyoni. Nimemwomba anisubiri nilijibu mbele ya watu wote.

Nani humu ametoka Kongwa? Nyoosheni mikono. Haya, mnatosha kunisahihisha nikikosea.

Nami nimezaliwa Kongwa. Waingereza walikuja kwetu mwaka 1947 na mradi wa karanga. Walifyeka pori, wakajenga, wakatandika reli, na ilipofika 1951 mradi umekufa, majengo yamebaki yanapigwa na upepo. Mwaka 1964 majengo yale yakapata wageni. Walianza Frelimo wa Msumbiji, wakafuata wapiganaji wa ANC kutoka Afrika Kusini, wa Swapo kutoka Namibia, na wengine. Samora Machel alikaa Kongwa. Chris Hani alikaa Kongwa. Watoto wa siku hizi wanasoma majina hayo kwenye vitabu vya historia, lakini mama yangu alikuwa akiwauzia maziwa.

Alikuwa na mteja mmoja, kijana mpole, aliyekuwa akimuuliza habari za mvua kila asubuhi kana kwamba shamba lake liko Ugogo. Siku moja mama akamuuliza, "Mwanangu, kwenu una mama?" Akajibu kwamba yupo. "Unamwandikia?" Akasema hapana, kwa sababu barua ikifika, polisi nao watafika, na atakayefunguliwa mlango wa gereza ni mama yake. Mama yangu alilirudia jambo hilo mpaka uzeeni. Alisema hakuwahi kumwona mtu anayempenda mama yake kiasi cha kukubali mama huyo adhani mwanawe amekufa.

Sasa, kijana wangu, nikuulize nami. Yule hakuwa mzalendo? Angebaki kwao, angepambana akiwa wapi? Kaburini?

Wanasheria mtanisimamisha hapa, mseme wale walikuwa wapigania uhuru, na mpigania uhuru si sawa na mkimbizi wa kawaida. Ni kweli. Mkataba wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi unamkataza aliyepewa hifadhi kuishambulia nchi nyingine ya Kiafrika akiwa ugenini. Lakini hatua ya kwanza ni ile ile. Mtu ameona kwamba dola iliyopaswa kumlinda ndiyo inayomwinda, akavuka mpaka kuokoa uhai wake. Yatakayofuata huko yana mlango wake.

Tena msidhani kuvuka huku ni jambo la watu wa mbali. Oscar Kambona alikuwa waziri wetu wa mambo ya nje, na aliongoza ile Kamati ya Ukombozi ya OAU iliyowapokea wageni wa Kongwa. Mwaka 1967 alikosana na serikali yake mwenyewe, akaondoka na familia yake, akaishia London. Alirudi mwaka 1992, baada ya miaka ishirini na mitano. Mwenyeji wa wakimbizi amekuwa mkimbizi! Januari 2001, baada ya watu kuuawa kwenye maandamano Zanzibar, zaidi ya watu elfu mbili walivuka bahari kutoka Pemba hadi Shimoni, Kenya. Sisi tuliozoea kupokea tukapokewa. Na Tundu Lissu, mwana wa Singida hapo jirani, alipigwa risasi hapa hapa Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Akatibiwa Nairobi, kisha Ubelgiji. Alirudi 2020 akagombea urais, na baada ya uchaguzi akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani kabla ya kuondoka tena. Godbless Lema, mwenzake wa upinzani, naye alivuka kwenda Kenya Novemba mwaka huo huo, akapokewa Kanada. Wote wawili walirudi 2023.

Siwataji ili tubishane vyama. Humu tumo wa vyama vyote, na wengine hatuna chama. Nawataja kwa sababu mlango huu una pande mbili, na hakuna anayejua kesho atasimama upande gani.

Mkataba ule wa OAU una kifungu ambacho ningependa kila mtendaji wa kijiji akijue. Unasema kutoa hifadhi ni tendo la amani na la utu, na nchi yoyote mwanachama isilichukulie kuwa tendo la uadui. Maana yake, nikimpokea wewe unayemfukuza, sijakutangazia vita. Na kama kumpokea si uadui, basi yeye kuomba kupokewa ni usaliti kwa namna gani?

Tuje kwenye neno lenyewe. Vitabu vingi vya Kiswahili vinasema "mateso". Mimi silipendi neno hilo kwa kazi hii. Ukimwambia Mtanzania "aliteswa" anatazama mgongo wa mtu kutafuta makovu. Asipoyaona, anasema huyu mwongo. Ndiyo maana nasema "kuandamwa". Anayeandamwa anaweza asiguswe hata kidole. Leseni yake inafutwa. Mwanawe anafukuzwa shule. Gari moja linaegeshwa mbele ya nyumba usiku wa kwanza, wa pili, wa kumi. Mwenzake aliyekuwa naye kwenye mkutano anapotea. Je, lazima asubiri zamu yake ndipo tumwamini?

Sheria haimtaki asubiri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1964, unazungumzia hofu yenye msingi. Hofu iko moyoni mwake, msingi uko nchini kwake, na anayehoji anatakiwa kuvipima vyote viwili. Hofu hiyo iwe inatokana na moja kati ya mambo matano: asili yake, dini yake, uraia wake, kundi la kijamii alimo, au maoni yake ya kisiasa. Awe nje ya nchi yake. Na awe hawezi kulindwa na nchi hiyo, au kwa hofu hiyo hataki kuiomba ulinzi.

Bibi yangu aliponea Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo iliyofuata vita ya kwanza ya Wajerumani na Waingereza. Alitembea siku nyingi kufuata chakula. Alikuwa mkimbizi kwa maana ya miguu yake, lakini alichokikimbia ni njaa, na mkataba wa 1951 usingemtambua kwa njaa peke yake. Nalisema hili kwa uchungu, maana njaa nayo inaua. Mkataba wa Afrika ulipanua mlango kidogo, ukawaingiza wanaokimbia vita, uvamizi wa kigeni na machafuko makubwa. Lakini anayesema "naandamwa kisiasa" ana mzigo wa kueleza nani, kwa nini, na kwa nini yeye. Na anayekimbia kesi ya wizi wa kweli hawi mkimbizi kwa kuwa tu ana kadi ya chama. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 14, linatofautisha. Kazi ngumu ni kujua lini kesi ya wizi ni ya wizi, na lini ni kamba ya kumfungia mpinzani.

Niwape mfano. Nimebadilisha kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu huyu, isipokuwa jambo lenyewe. Alikuwa fundi cherehani wa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Mwaka 2015 Burundi iliwaka kwa sababu ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Mnakumbuka Kagunga? Maelfu kwa maelfu ya watu kwenye ufukwe mwembamba wa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kimeingia, MV Liemba inawachukua kwa mafungu kuwapeleka Kigoma. Wakati ule Warundi walipokewa kwa jumla, bila kuulizwa mmoja mmoja. Januari 2017 utaratibu huo ukaondolewa. Fundi wetu alikuja baada ya hapo. Ikabidi ajieleze peke yake.

Akaulizwa, "Wewe ni mwanachama wa chama gani?" Akajibu, "Sina chama." "Uliandamana?" "Sikuandamana." Afisa akaweka kalamu mezani. Mkimbizi wa kisiasa asiye na siasa!

Lakini subirini. Fundi huyu alishona fulana na kofia za watu wa upinzani, oda kubwa, akalipwa, akatoa risiti. Risiti zile zikakutwa mahali. Kwa waliokuja kumtafuta, yeye alikuwa mtu wa upinzani, basi. Wanangu wa sheria, andikeni hili na mpige mstari chini yake: maoni ya kisiasa si lazima yawe moyoni mwa anayekimbia. Yanatosha kuwa kichwani mwa anayemkimbiza. Dereva aliyekodiwa kubeba vipaza sauti, mama lishe aliyepika kwenye mkutano, mke wa mwanasiasa asiyejua hata katiba ya chama cha mumewe. Msiwaulize tu "unaamini nini?" Waulizeni, "wao wanadhani wewe ni nani?"

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Mengine yote mngeyasoma wenyewe.

Fundi alisema, "Walikuja saa nane usiku."

Mkalimani siku ile nilikuwa mimi. Ilikuwa mahojiano ya mwisho ya siku ndefu, na afisa hakuwa Mwafrika Mashariki. Ulimi wangu ukatangulia akili. Nikamtajia namba ile ile nane kwa Kiingereza. Ninyi mnajua saa nane usiku ni saa ya jogoo hajawika, mtaa umelala, mbwa tu wanabweka. Kwa saa za Kizungu ile ni saa mbili. Lakini nane ya usiku niliyoisema mimi kwa Kiingereza ni saa mbili usiku yetu, wakati watu wanakula, redio zinaimba, watoto wako nje. Afisa akaandika nilichosema. Hakuwa na kosa.

Baada ya miezi kadhaa fundi aliitwa tena, mkalimani akawa mwingine, naye akatafsiri sawasawa. Faili sasa lina nyakati mbili tofauti za tukio moja. Tena likaonyesha kwamba watu wenye silaha walivunja mlango mtaa ukiwa macho, na hakuna jirani aliyetoka. Maelezo yakaonekana ya kutunga. Fundi akapewa karatasi inayosema haaminiki.

Alinifuata nikiwa nachota maji. Akaniambia, "Mama, mimi nilisema saa nane. Nimesema saa nane mara zote. Kwa nini wanasema nimebadilisha?"

Ndugu zangu, niliweka ndoo chini. Nilijua pale pale. Nilikwenda kwa afisa, nikaandika kwa mkono wangu kwamba kosa ni la mkalimani, nikasaini. Rufaa ikasikilizwa, na maneno yake yakakubaliwa. Lakini kati ya karatasi ya kwanza na ya pili yule baba alikaa miezi akijua anaweza kurudishwa kwa watu waliovunja mlango wake. Kwa sababu ya namba moja. Kwa sababu yangu.

Tangu siku ile sikutafsiri saa hata moja bila kuuliza, "Kabla ya saa sita au baada yake? Jua limetoka au bado?"

Na saa si peke yake. Chukueni neno "ndugu". Mtu anasema, "Walimuua ndugu yangu." Anaandikiwa kwamba ni kaka wa tumbo moja. Kwenye fomu ya familia alisema hana kaka. Haya, mwongo tena! Kumbe aliyeuawa ni mtoto wa baba yake mdogo, ambaye kwetu sote humu ni ndugu kabisa. Chukueni "baba", ambaye anaweza kuwa baba mkubwa. Chukueni "juzi", ambayo mzee wangu huitumia kwa jambo la miaka mitatu iliyopita. Lugha yetu ina upana unaotupendeza tukiwa nyumbani, lakini ndani ya chumba kile upana huo unaweza kumrudisha mtu kwenye kifo.

Kwa hiyo ninyi mtakaomsaidia mtu kuandika maelezo yake, mwandikieni uhusiano wa damu mpaka mwisho: mtoto wa nani, wa kwa baba au kwa mama. Saa, mwandikieni kwa jua. Tarehe asiyoikumbuka msimbunie. Kama anakumbuka ilikuwa wiki ya Idi, au siku ile mvua kubwa ilipobomoa daraja, andikeni hivyo hivyo. Aliyevunjiwa mlango hakuwa ameshika kalenda. Na mkimaliza, msomeeni yote kwa lugha yake, polepole, kabla hajatia saini.

Na vielelezo? Akiwa na wito wa polisi, kadi, picha, cheti cha hospitali, vizuri. Asipokuwa navyo, mlango haujafungwa. Anayekimbia usiku habebi kabati. Maelezo yanayoshikana, yanayolingana na hali inayojulikana ya nchi yake, yana uzito, na penye shaka iliyobaki baada ya juhudi za kweli, shaka hiyo imfae yeye.

Lakini kuna ugonjwa lazima niutaje. Kuna watu wanauza hadithi. Nimekaa kwenye kiti kile nikasikia watu wawili, asubuhi na jioni, wakieleza seli ile ile, mlinzi yule yule, dirisha lile lile lililoachwa wazi. Mmoja wao, naamini, alikuwa na kisa cha kweli kabisa, ila aliambiwa cha kwake hakitoshi, akanunua kikubwa zaidi. Akapoteza vyote viwili. Msimtungie mtu hadithi, hata kwa huruma. Huruma yenu itamfunga.

Kuna wengine hapa mlio karibu na barabara kuu, na mtu anaweza kubisha kwenu leo usiku. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka ajitokeze ndani ya siku saba baada ya kuingia nchini. Anaweza kujitokeza hata kwa mtendaji wa kijiji. Mwambieni hilo usiku huo huo, msimfiche mpaka siku ziishe. Mwenye ndugu Marekani mjulisheni kwamba huko ombi linatakiwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia. Kuingia bila kibali peke yake hakumwondolei haki ya kuomba, mradi ajitokeze bila kuchelewa na aeleze sababu. Na kanuni kubwa kuliko zote ni hii: asirudishwe mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini kwa sababu zile tano. Asirudishwe kwa lori, asirudishwe kwa kunyimwa chakula mpaka aseme mwenyewe nimechoka narudi.

Na mtunzeni siri. Msipige simu ubalozi wa nchi yake "kuhakikisha". Nasema msipige! Eduardo Mondlane, kiongozi wa Frelimo, alikuwa Dar es Salaam, kwenye nchi iliyompenda, na tarehe 3 Februari 1969 bomu lilimfikia ndani ya kifurushi. Mpaka humzuia anayekimbia kuliko unavyomzuia anayemkimbiza.

Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, ile ya Umoja wa Mataifa kwa wanaohudumia wakimbizi, mwaka 1983 kwa jinsi nchi hii ilivyopokea wakimbizi. Ilikuwa nishani ya watu kama mama yangu pia, ingawa yeye hakuisikia. Nashangaa tunavyoitaja kwenye maadhimisho, kisha mtu akibisha mlango tunamuuliza kwanza ataondoka lini.

Fundi yule nilimwona mara ya mwisho kabla sijastaafu. Alikuwa amepata cherehani ya mkono, anashona sare za shule chini ya turubai. Nilimpelekea gauni langu alipunguze kiuno. Akanipima, akaandika namba kwenye kipande cha karatasi, kisha akanigeuzia karatasi ile. Akasema, "Soma, mama. Uhakikishe nimeandika ulichosema."

Sasa naomba mgeukiane wawili wawili. Mmoja asimulie jambo lililompata usiku fulani, jambo dogo tu, na mwingine aandike. Halafu msomeane. Tuna dakika kumi.